Kutoka Nairobi hadi Kigoma kwa Treni ya Kulala: Mwongozo wa Kikundi

Watu wa Nairobi tuna undugu na reli. Mji huu ulianza kuwa mji mwaka 1899, reli ya kutoka Mombasa ilipofika kwenye tambarare hii ya chepechepe na wahandisi wakaamua kuweka karakana kabla ya kuukabili ukingo wa Bonde la Ufa. Ajabu ni kwamba leo Mnairobi akitaka kulala kitandani ndani ya treni, nyumbani hapati kitanda. Treni ya usiku ya Mombasa, ile ya mabehewa ya zamani na kengele ya kuita watu mezani, ilikoma mwaka 2017 Madaraka Express ilipoingia. Hii mpya nayo ina safari ya usiku, lakini ni ya viti: unashuka Miritini kabla hakujapambazuka, shingo imepinda. Ya Kisumu ni viti vilevile.

Kwa hiyo kitanda tunakifuata Tanzania. Nimeipanga safari hii mara tatu kwa ajili ya chama chetu cha Eastlands, na hapa naeleza jinsi ya kuipanga bila kurudia makosa yangu. Njia ni ya mzunguko: Nairobi hadi Arusha kwa basi dogo, Arusha hadi Dar es Salaam kwa treni, Dar hadi Kigoma kwa treni, halafu kurudi kwa basi kupitia Mwanza na Sirari. Tenga wiki mbili.

Wengi huniuliza kwa nini si TAZARA, reli ya kutoka Dar hadi Zambia. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, ni nzuri ajabu, na mahandaki ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako yanastahili safari yake peke yake. Lakini inakuacha Mbeya, au ukikazana, Kapiri Mposhi, na kurudi Nairobi kutoka huko ni kazi nyingine. Tena huduma yake ya abiria imekuwa ya kukatikakatika miaka ya karibuni. Kwa kikundi cha mara ya kwanza, shika reli ya kati, hiyo ya Dar hadi Kigoma.

1. Hesabu watu kwa sita

Kabla ya bei, kabla ya tarehe, hesabu watu. Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Wanawake hulazwa vyumba vyao na wanaume vyao, isipokuwa mkinunua chumba kizima. Hapo mnapangana wenyewe, hata mume na mke na watoto. Kikundi cha watu sita ni chumba kimoja, mlango mmoja, komeo moja. Kikundi cha kumi na wawili ni vyumba viwili. Kikundi cha wanane ni matatizo: wawili watalala na wageni, na watakuwa walewale wawili wanaoogopa kulala na wageni.

Mkiwa watano, nunueni kitanda cha sita. Kiwekeni mizigo. Pesa hiyo hamtaijutia.

2. Chagua mwezi, kisha panga kuanzia mwisho

Machi hadi Mei usiende. Masika huila reli, na kuna kipande kimoja hasa, kati ya Kilosa na Gulwe, ambapo njia inaandamana na mto Mkondoa. Mto ukifurika unabeba tuta, na treni zinasimama hadi tuta lijazwe upya. Sisi hupenda Agosti kwa sababu shule zimefungwa na ardhi imekauka. Januari na Februari pia ni za kujaribu, ingawa huko Kigoma mvua huwa haijaisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo lilinichukua safari mbili kulielewa. Watu hupanga likizo kuanzia siku ya kuondoka. Safari ya treni ya kulala hupangwa kuanzia siku ya kurudi kazini. Andika siku hiyo kwanza, tuseme Jumatatu. Rudi nyuma siku mbili, uziache tupu. Halafu weka basi la kutoka Mwanza, halafu basi la Kigoma, halafu siku za Kigoma, na kila unapokuta usiku wa treni, uache siku moja tupu baada yake. Treni ikichelewa saa kumi, inaila ile siku tupu na hakuna anayeumia. Ikifika kwa wakati, mmepata siku ya kulala hotelini na kufua nguo. Kamwe usiunganishe treni na basi la siku hiyohiyo, na usilipie boti ya kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, kwa asubuhi ileile ambayo treni inatarajiwa kuingia Kigoma. Mara ya kwanza nilifanya hivyo. Boti ililipwa, sisi tukawa bado Kaliua tunanunua karanga.

3. Mtafute mwongoza watalii Mtanzania

Usidhani kwamba kwa kuwa unajua Kiswahili utaongoza kikundi mwenyewe na kulipwa kwa kazi hiyo. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na kuongoza watalii ni mojawapo. Ukiwa mweka hazina wa chama unayesafiri na wenzako, sawa. Ukiwa unatoza watu ada ya kuwaongoza, tafuta Mtanzania mwenye leseni, na wewe baki kuwa abiria anayejua hesabu.

Na kusema kweli utamhitaji. Mtu wa kupanga foleni dirishani kununua tiketi wakati nyinyi bado mko Nairobi hawezi kuwa wewe. Kabla ya kumlipa, muulize maneno haya: nani ananunua tiketi na lini, yeye mwenyewe atapanda treni nasi au atatungoja stesheni, treni ikichelewa siku nzima, nani analipia usiku wa ziada. Yaandikwe, hata kwenye WhatsApp. Akikuambia "treni zetu hazichelewi," mshukuru, mtafute mwingine. Anayefaa ni yule atakayekujibu, "Ikichelewa nitakuwa nanyi, na nina ndugu Tabora wa kutupikia."

4. Karatasi za mpakani

Kitambulisho cha Kenya kinakupeleka Uganda na Rwanda, Tanzania hakikufikishi. Mnahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kutoka Idara ya Uhamiaji. Viza hakuna. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano mtaulizwa, na chanjo ikichomwa huhesabiwa kuanza kazi baada ya siku kumi, kwa hiyo usiichome wiki ya kuondoka. Aliyechanjwa zamani asiwe na wasiwasi; cheti sasa ni cha maisha.

Pesa: badilisheni ziwe shilingi za Tanzania. Tangu 2025 sheria ya huko inataka bidhaa na huduma zilipwe kwa shilingi, si kwa dola. Mnunue pia laini moja ya simu ya Tanzania, isajiliwe kwa pasipoti ya mmoja wenu, kwa sababu vijana wa mahindi ya kuchoma kwenye stesheni za katikati hawaijui M-Pesa yenu ya Nairobi. Na beba noti ndogo. Treni inasimama dakika chache, mwenye karanga hana chenji ya elfu kumi, na wewe huna muda wa kumsubiri aitafute.

Dawa za malaria zungumzeni na daktari kabla. Sisi wa Nairobi hatuna mazoea na mbu wa ziwani.

5. Tiketi: sikiliza neno moja

Hapa ndipo nilipopata funzo langu la gharama. Mwaka wetu wa kwanza nilimlipa wakala mmoja hapa mjini, jina namwachia, akanipa risiti imeandikwa "daraja la pili". Nikafurahi. Tulifika stesheni ya Arusha watu kumi na wawili, kila mtu na blanketi lake la Kimaasai, mmoja ameshavaa soksi za kulalia. Mkaguzi wa tiketi, mzee mpole, akazitazama moja moja.

"Mwanangu," akaniambia, "hizi ni za pili kukaa."

"Shikamoo mzee. Sisi tumelipia daraja la pili."

"Marahaba. Ndiyo, la pili. La pili kukaa. Ya kulala ni nyingine."

Neno moja. Kuna daraja la pili kulala na kuna daraja la pili kukaa, na kati yake kuna usiku mzima wa kuegemeza kichwa kwenye bega la mtu. Nilikaa. Mama mmoja wa chama aliniangalia kutoka Arusha hadi Dar bila kufumba macho.

Kwa hiyo: sikia neno "kulala" kwa masikio yako kutoka kwa anayekata tiketi. Omba picha ya kila tiketi, siyo ya risiti. Angalia namba ya behewa na namba za vitanda zifuatane, ndipo ujue mko chumba kimoja. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Na saa ziandike kwa maneno. Safari ya pili niliandika kwenye kundi letu "tukutane stesheni saa 8", nikimaanisha saa nane mchana. Wawili walikuja saa mbili asubuhi, wakakaa kwenye benchi saa sita nzima, na walipotuona hawakusalimia. Siku hizi naandika "saa nane mchana, yaani 14:00", maana hiyo ya pili ndiyo inayochapwa kwenye ratiba.

Ratiba zenyewe hubadilika. Treni haziondoki kila siku, na tangu reli ya umeme ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, mambo ya reli ya zamani hupangwa upya mara kwa mara. Mwongoza watalii wenu athibitishe siku na stesheni ya kuanzia wiki ya kuondoka, halafu athibitishe tena siku moja kabla.

6. Arusha hadi Dar: usiku wa kujifunza

Ondokeni Nairobi asubuhi, mlale Arusha. Usijaribu kuvuka Namanga na kupanda treni siku moja.

Usiku huu wa kwanza ni wa mazoezi, ndiyo maana naupenda. Reli hii ilirudi kubeba abiria hadi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka 2020, baada ya kulala miaka mingi. Kaeni upande wa kushoto. Kilimanjaro akiamua kujifunua jioni, yuko upande huo, na baada ya Moshi ni milima ya Upare inayowafuata hadi giza. Kipande cha Tanga hadi Moshi kilijengwa na Wajerumani na kufika Moshi mwaka 1911, na mwendo wake bado ni wa enzi hizo. Mtajua nani anakoroma, nani anaogopa kitanda cha juu, nani amebeba sufuria. Mpange upya kabla ya safari ndefu.

7. Dar: siku mbili, si zaidi

Lala, fua, kula samaki Feri, nunua maji ya chupa kubwa. Nunua pia karatasi za chooni na sabuni ya maji. Kama kikundi chenu kina watu wasiovumilia, kuna hila: pandeni SGR ya mchana kutoka Stesheni ya Magufuli hadi Dodoma, chini ya saa nne kwa treni ya umeme, mlale Dodoma, kisha mdakie treni ya kulala hapo. Mtakosa usiku mmoja wa reli ya zamani, na mtakuwa mmekiruka kile kipande cha Kilosa ambacho ndicho chenye visa. Mimi siipendi hila hii, lakini mama yangu angeichagua.

8. Kuelekea Kigoma

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ya zamani ya misafara ya kutoka pwani hadi Ujiji, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Walichotembea miezi, nyinyi mtakilala usiku mara mbili. Mwambieni mwongoza watalii awasimulie hayo mkiwa mmekaa, treni inapokata pori la Itigi, maana nje kwa saa nyingi hamna cha kuona ila vichaka, na hapo ndipo pesa yake inapolipa.

Sasa vitanda. Kitanda cha chini ni kiti cha watu wote mchana. Mwenye nacho hawezi kujinyoosha mpaka wengine wapande kulala. Cha katikati kinakunjwa mchana kikawa cha kuegemea. Cha juu ni chako saa ishirini na nne, ila kina joto na lazima upande kama paka. Wazee wape cha chini, wanaopenda kulala mchana wape cha juu, na vijana wa kati wavumilie. Mpangie kila mtu kabla hamjapanda, kwa karatasi, la sivyo mtagombana mlangoni watu wakiwasukuma na magunia.

Dirisha. Mchana lifungue. Usiku, treni inapokaribia stesheni, lishushe na kulikaza kwa kipande cha mti; kitafute Dar, ukate urefu wa fremu. Wapo watu wenye mikono mirefu, na simu iliyo chajini karibu na dirisha haitamaliza kuchaji. Mlango ufungwe kwa komeo hata mkiwa macho. Atakayebisha hodi usiku ni mkaguzi. Mwulizeni kwanza ni nani, hachukii.

Choo ni cha kuchuchumaa na kinamwaga relini. Usikitumie treni ikiwa imesimama stesheni. Kiende mapema asubuhi, kabla behewa zima halijaamka. Sina zaidi la kusema juu ya choo.

Lugha. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu nimeona wenzangu wakichukiwa bila kujua kosa. Mnairobi akiingia behewa la chakula husema, "Niletee chai, na chapo mbili." Nairobi hiyo ni lugha ya kawaida. Huko mhudumu hasikii chai, anasikia amri, na chai inachelewa. Sema, "Naomba chai, dada." Ukimaliza, "Asante, nimeshiba." Mkubwa kwako umwamkie shikamoo, hata kama Nairobi mara ya mwisho uliitamka ukiwa darasa la nne. Siku ya pili, kijana wetu mmoja wa mtaa wa Umoja, mtu wa Sheng tupu, alikuwa anasema "naomba" hata kwa sisi. Mhudumu akawa anamletea supu kabla ya wote.

Chakula cha behewa la chakula ni wali na nyama au kuku, kinatosha. Lakini msikishibie, maana chakula chenyewe kiko nje ya dirisha. Dodoma, msimu wake ukiwa umefika, kuna zabibu. Saranda, wilaya ya Manyoni, kuna kuku wa kienyeji waliochomwa, wameinuliwa juu ya beseni hadi usawa wa dirisha lako. Chagua kwa macho, patana haraka, lipa ukishakishika. Tabora kuna asali. Iangalie chupani, inuse, na ujue kwamba chupa ya maji ya plastiki iliyojaa asali itavuja ikilala ubavu. Yangu ililala ubavu ndani ya begi la nguo. Tangu hapo naibeba kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kukaza. Uvinza ni mji wa chumvi tangu zamani. Wakiuza vifurushi, nunua kimoja, kitakufaa Kigoma kwa samaki.

Tabora treni hukaa muda mrefu kuliko kwingine kwa sababu ndipo njia zinapogawana, moja ikienda Mwanza, nyingine Kigoma. Mabehewa hukatwa na kuungwa. Shukeni mnyooshe miguu, lakini mmoja abaki chumbani, na kila mtu ajue namba ya behewa lenu kwa kichwa, kwa sababu mkirudi linaweza kuwa limehamia njia nyingine na limegeuka la nne badala ya la saba. Mzee wetu mmoja alitembea jukwaa zima akiita majina yetu. Tulimsikia. Tulicheka kwanza, halafu tukamwita.

Mkiwa na siku za kutosha, shukeni Tabora mlale. Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo tembe ambapo Livingstone alikaa, na miembe ya mji ina kivuli cha kutosha kumaliza mchana. Lakini mkishuka mjue tiketi ya kuendelea ni nyingine, na treni ijayo si ya kesho.

Asubuhi ya mwisho amkeni mapema. Treni inavuka mto Malagarasi, nchi inakuwa kijani, michikichi inaanza kuonekana, na hewa inabadilika harufu. Halafu reli inateremka, na ziwa linatokea mara moja upande wa mbele, pana kama bahari, milima ya Kongo ikiwa mstari wa bluu ng'ambo. Wote watahamia dirisha moja. Hapo ndipo komeo lisahaulike.

9. Kigoma

Stesheni yenyewe ya Wajerumani ni ya kutazamwa kabla ya kupanda teksi. Siku ya kwanza ni ile siku tupu. Kuleni migebuka kwa ugali na mlale.

Ujiji iko karibu, ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Pana makumbusho na miembe. Saa mbili zinatosha. Mimi hupenda zaidi kwenda Kibirizi kutazama dagaa wakianikwa, wavuvi wakiwa wametoka ziwani alfajiri na taa zao.

Gombe ni nusu ya sababu ya kuja. Ni hifadhi ndogo, yenye sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza Julai 1960 na ambao uchunguzi wao haujakatika hata baada ya yeye kufariki Oktoba 2025. Hakuna barabara, mnakwenda kwa boti. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio cha bei ya Afrika Mashariki, mbali kabisa na ile ya wageni wengine, kwa hiyo pasipoti ziende nanyi kwenye boti, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mwenye mafua abaki hotelini. Ugonjwa wetu mdogo unaweza kumuua sokwe, na askari wa hifadhi hawatanii. Viatu viwe vya kushika udongo, kwa sababu sokwe hawangoji bondeni. Mtapanda kilima, mkipumua kama mvukuto, na mkifika wamehama.

Bandarini ulizeni kuhusu Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa 1924 na kuanza tena kazi 1927. Mkiikuta imetia nanga, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Bandari ni bandari.

10. Kurudi

Treni ya kurudi inawezekana kupitia Tabora hadi Mwanza, njia iliyofika huko mwaka 1928, lakini kungojea muunganiko wa Tabora kunakula siku nyingi. Basi ni bora: Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko, halafu Geita. Zamani hapo Busisi mlipanga foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria hadi Kigongo, na basi linapita bila kusimama. Laleni Mwanza usiku mbili. Kutoka hapo ni Musoma, Tarime na Sirari, ambayo ukivuka geti inaitwa Isebania, kisha Migori, Kisii na nyumbani.

Dagaa wa Kigoma nunueni wakavu kabisa, wafungwe kwenye gunia mbili na kuwekwa chini ya basi, si juu ya kichwa cha abiria. Mpakani semeni mnachobeba kabla hamjaulizwa. Mafuta ya mawese yawe kwenye dumu lenye mfuniko mzima, na dumu lifungwe kwa nailoni, kwa sababu rangi yake haitoki kwenye nguo. Najua, kwa sababu shati langu la kurudia kazini Jumatatu ile lilikuwa ndani ya begi lile lile la asali.